Wacheni Kusingizia Asidi ya Laktiki

Wasee, kuna uongo unaozunguka kwa jimu za mtaa kuliko vumbi. Unabeba vyuma Jumatatu, Jumatano unashuka ngazi kama babu wa miaka tisini, halafu jamaa mwenye kifua kikubwa anakwambia, "Hiyo ni asidi ya laktiki imejaa kwa miguu." Anakuuzia na dawa ya kuitoa. Mimi nasema hiyo pesa afadhali ununue mayai.

Uongo wenyewe una historia, na ulianza kama sayansi safi kabisa. Mwaka wa 1907, pale Cambridge, Walter Fletcher na Frederick Gowland Hopkins walionyesha kwamba msuli wa chura ukifanyishwa kazi bila oksijeni unajaza asidi ya laktiki, na ukipewa oksijeni asidi inapungua. Baadaye Mwingereza Archibald Hill akapima joto linalotoka kwa misuli, Mjerumani Otto Meyerhof akafuatilia asidi hiyo, na wakagawana Tuzo ya Nobel ya 1922. Siku hizo wengi waliamini asidi ndiyo inayofanya msuli ukaze.

Mwaka wa 1930, Einar Lundsgaard wa Copenhagen akawawekea wanyama sumu inayozuia asidi hiyo kutengenezwa. Misuli ikakaza tu kama kawaida! Mwishowe ilikakamaa, na bado asidi hakuna. Hill hakununa. Mwaka wa 1932 aliandika makala akiyaita hayo mapinduzi. Hebu fikiria, mtu ana Nobel mkononi na anakubali mambo yamebadilika, lakini jamaa wa jimu hataki. (Meyerhof alikuwa Myahudi. Ilibidi atoroke Ujerumani mwaka wa 1938, akaishia Philadelphia.)

Sasa kama si asidi, nini huvuta? Jibu lilitoka mwaka wa 1954 kwa makala mbili, toleo moja la jarida la Nature: moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Hao Huxley wawili si ndugu, na huyo Jean ni mwanamke ambaye hatajwi vya kutosha. Walichoona ni kwamba ndani ya msuli kuna nyuzi nene na nyuzi nyembamba. Msuli ukikaza, nyuzi zenyewe hazifupiki, zinateleza moja kando ya nyingine. Leo tunajua nyuzi nene, za mayosini, zina vichwa vidogo vinavyoshika zile nyembamba na kuvuta, kama timu ya kuvuta kamba. Kalsiamu ndiyo hutoa ruhusa, ATP ndiyo hutoa nguvu.

Na ATP inahitajika hata kuachilia. Ndiyo maana nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi bado inarukaruka kwa karai, halafu baada ya masaa inakuwa ngumu: ATP imeisha, vichwa vimekwama pale pale. Jambo lingine, msuli hujua kuvuta tu, hausukumi kamwe. Ule wa mbele ya mkono unaukunja, wa nyuma unaunyoosha. Ukifanyia mazoezi wa mbele pekee kwa sababu ya picha, shauri yako.

Rudi kwa maumivu yako ya Jumatano. Asidi ya laktiki karibu yote huondoka kwa damu ndani ya kama saa moja baada ya kupumzika. Maumivu huanza kesho yake na kuzidi siku ya pili au ya tatu. Yanatokana na majeraha madogo sana na uvimbe, hasa msuli unaporefushwa huku umekaza: unaposhusha chuma polepole, au unaposhuka mlima. Uliza mtu yeyote aliyeteremka Ngong kwa mara ya kwanza.

Hayo ya kawaida yanaisha yenyewe kwa siku chache. Lakini ukizidisha mazoezi, misuli ivimbe, mkojo ugeuke rangi ya strungi, usingoje dawa ya jamaa. Hapo misuli inavunjika na uchafu wake unaziba figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.