Maumivu ya viungo yanaporudi: fundisho la historia

Huku kwetu Kivu, mama akiamuka asubui na vidole vimekauka, asiweze hata kufunga kitenge chake, kila jirani ana jina lake ya kutoa. Moja anasema ni rumatisme, mwingine anasema ni baridi ya milima, wa tatu anasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mutu mwenye kumutupia kitu. Na kama yule mama alikuwa ameshapata nafuu kwa dawa, kisha dawa ikaisha na maumivu yakarudi, basi yule wa tatu ndiye anasikiwa zaidi. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba kule kurudi kwa maumivu kuna historia yake, na historia ile inapita hata katika mashamba yetu.

Hii ugonjwa si ya jana. Mwaka wa 1800, huko Paris, munganga Landré-Beauvais aliandika juu ya wanamuke wenye viungo vya kuvimba, akasema si ugonjwa wa matajiri wenye kula nyama nyingi. Mwaka wa 1859, Mwingereza Garrod aliipa jina yake ya kitaalamu. Leo tunajua kwamba askari wa mwili, wenye kazi ya kupigana na vijidudu, wanageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Inashika wanamuke kuliko wanaume. Wengine walifikiri ni ugonjwa wa Wazungu tu, lakini utafiti wenye kufanyika Kinshasa na kutangazwa mwaka wa 2012 uliikuta hata kwetu: kwa watu wazima, karibu mutu moja katika kila mia.

Dawa zake zilitoka wapi? Hapa ndipo muti wa kinini unaingia. Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa kinini katika maganda yake mwaka wa 1820. Wakati wa ukoloni Wabeljiki waliupanda muti ule katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kilijulikana mbali kwa sababu yake. Mwaka wa 1942 Wajapani waliteka Java, kwenye kulikuwa sehemu kubwa ya kinini ya dunia. Majeshi yenye kupigana nao yakakosa, yakawapa askari wao vidonge vya malaria vyenye kutengenezwa kiwandani. Kumbe askari wengine wenye maumivu ya viungo wakapata nafuu! Mwaka wa 1951 munganga Page wa London aliandika juu ya jambo hilo, na katika miaka ya 1950 ndugu ya klorokini, hidroksiklorokini, ikaingia katika matibabu ya viungo. Ila tusidanganyane: inatengenezwa kiwandani. Kuchemsha maganda ya kinini na kunywa hakuponyeshi viungo, na kunaweza kuleta sumu.

Tangu mwanzo, nafuu ilikuwa na mwisho wake. Mwezi wa tisa 1948, huko Rochester, Marekani, munganga Hench alimupa kortizoni mwanamuke mwenye alikuwa hawezi kutembea vizuri. Kisha siku chache akatembea, dunia ikashangaa, na mwaka wa 1950 Hench na wenzake wawili walipewa zawadi ya Nobel. Lakini dawa ilipokatwa, ugonjwa ulirudi, na wenye kuitumia kwa wingi waliona madhara makubwa. Kwetu, mwaka wa 2001 serikali iliacha klorokini kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid, watu wa dunia nzima walikimbilia hidroksiklorokini, na wagonjwa wa viungo katika inchi nyingi waliikosa, hata kama baadaye ilionekana kwamba haiponyeshi Covid.

Jambo lenye kudanganya ni hili: hidroksiklorokini inakaa mwilini majuma mengi. Mutu anaiacha leo, anaendelea vizuri, anafikiri amepona. Kisha mwezi moja ao miwili vidole vinavimba. Hakumbuki tena dawa, anakumbuka ugomvi na shemeji. Hivi ndivyo ukosefu wa dawa unageuzwa kuwa uchawi, na jamaa zinavunjika bure.

Wazee wetu, wenye hawakuwa na vidonge, walituachia nini? Maji ya moto na kitambaa juu ya kiungo chenye kukauka asubui: hiyo inasaidia kweli. Kusugua polepole na mafuta ya mawese: kunapunguza maumivu kwa muda. Kupumzisha kiungo chenye kuwaka, lakini kukikunja na kukinyoosha pole pole kila siku, kisikauke kabisa. Na zaidi ya yote, kugawa kazi: binti alitwanga, shemeji alichota maji, mgonjwa alibaki na kazi ndogo yenye heshima. Lakini kuchanja na wembe moja kwa watu wengi tukuache, kwa sababu ya SIDA na homa ya ini.

Hayo yote yanapunguza maumivu, hayasimamishi ugonjwa. Viungo vinaendelea kuharibika chini kwa chini. Kwa hiyo mwenye kukosa dawa arudi kwa munganga mbele vidole havijapinda, kwani zipo dawa nyingine. Asinunue vidonge vya kortizoni sokoni pasipo karatasi: vinaleta nafuu ya haraka, lakini vinavunja mifupa na kupandisha sukari. Na mwenye kuvitumia muda murefu asivikate gafla, maana mwili unakuwa umesahau kujitengenezea yake, na anaweza kufa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye vidole vyenye kuuma anakopa vya wengine. Basi jamaa ikimuona mama ameanza tena kukauka, mbele ya kuuliza nani amemuroga, imuulize: dawa yako iliisha siku gani?