Jicho Lililo Nje: Mtengano wa Nafsi na Kumbukumbu za Kiwewe

Tukio lililompata mtu mwenyewe huweza kumrudia akilini kwa namna mbili. Katika ya kwanza, huliona kwa macho yale yale aliyokuwa nayo siku hiyo: anaiona mikono yake na sura ya aliyesimama mbele yake, lakini uso wake mwenyewe hauoni. Katika ya pili hujiona akiwa ndani ya picha, kana kwamba mwenye kutazama alisimama kando au alining'inia karibu na dari. Hapa namna ya kwanza itaitwa mtazamo wa ndani, na ya pili mtazamo wa nje.

Mtazamo wa nje peke yake si ugonjwa. Mwaka 1983 Georgia Nigro na Ulric Neisser walichapisha utafiti uliofungua uwanja huu, wakaonyesha kwamba watu wa kawaida hukumbuka kwa namna zote mbili. Kumbukumbu kongwe huelekea zaidi upande wa nje, na vivyo hivyo matukio yaliyomfanya mtu ajihisi anatazamwa. Suala huwa zito pale kumbukumbu inapohusu ajali, vita, mateso au ubakaji. Wapo wanaouchukulia mtazamo wa nje kama dalili ya uzushi, kwa kuwa hakuna awezaye kuuona mgongo wake mwenyewe. Wapo pia wanaouona kama ushahidi kwamba roho iliuacha mwili kwa muda. Makala hii inashikilia jambo la tatu: mtazamo wa nje hupima umbali uliopo kati ya mtu na hisia zake, haupimi umbali kati ya simulizi na ukweli.

Mtazamo huo huzaliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza hupita katika tukio lenyewe. Hatari inapomkabili mtu asiyeweza kupigana wala kukimbia, fahamu huweza kujigawa: mwili unabaki mahali pa maumivu, na sehemu inayotazama hujitenga. Mfaransa Pierre Janet aliuchambua mtengano wa namna hii katika kitabu alichochapisha mwaka 1889. Toleo la tano la mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, lilitambua kundi la wagonjwa wa kiwewe ambao huwa na angalau moja ya dalili hizi mbili: kujihisi uko nje ya nafsi yako, na kuiona dunia kama ndoto. Uchunguzi wa ubongo uliofanywa na Ruth Lanius na wenzake unaeleza kinachotokea kwa wagonjwa hao: maeneo ya mbele ya ubongo yanayodhibiti hisia hufanya kazi kupita kiasi, na maeneo yanayozizalisha hufifishwa. Mtu aliye katika hali hiyo hufa ganzi. Kujiona kwake kutoka nje ni sehemu ya tukio jinsi lilivyompata, wala hakukuongezwa baadaye.

Njia ya pili huja baada ya tukio. Kumbukumbu haihifadhiwi kama picha kabatini. Hujengwa upya kila inapoitwa. Sigmund Freud aliligusia jambo hili mwaka 1899, akisema kwamba mtu anayejiona katika kumbukumbu ya utotoni ana ushahidi kuwa kumbukumbu hiyo imefanyiwa kazi. Hata aliyelipitia tukio kwa mtazamo wa ndani huweza baadaye kusogea pembeni kila anapolikumbuka, kwa sababu kulitazama kwa mbali kunavumilika. Hata hivyo, kilichofanyiwa kazi si lazima kiwe cha uongo: pembe ya kutazamia inaweza kubadilika na mambo yaliyotendeka yakabaki yale yale.

Tuseme abiria aliyenusurika ajali ya basi anasimulia: "Nilijiona nimelala kando ya lami, shati limeloa, kiatu kimoja hakipo, watu wamenizunguka." Kitenzi kimoja kimebeba mgawanyiko wote: *ni-* ndiye anayeona, *-ji-* ndiye anayeonwa, na wote wawili ni mtu mmoja. Katika mazungumzo ya kila siku *nilijiona mnyonge* humaanisha tu kujihisi hivyo. Hapa neno limerudi kwenye maana yake ya macho. Msimulizi mwingine huenda mbali zaidi, akaiacha *-ji-* na kusema "yule pale chini". Lisilotajwa nalo lina uzito wake. Shati limo, kiatu kimo, umati umo. Maumivu, kiu na hofu havimo.

Upungufu huo ndio walioukuta Heather McIsaac na Eric Eich mwaka 2004 walipochunguza watu wenye kiwewe. Waliokumbuka kwa mtazamo wa ndani walizungumza zaidi kuhusu hisia, fikra na hali ya mwili. Waliokumbuka kwa mtazamo wa nje walitaja zaidi sura zao, matendo na mpangilio wa mahali. Kwa hiyo kila mtazamo hulinda aina yake ya habari.

Lakini ulinzi huo una gharama. Lucy Kenny na Richard Bryant waliona kwamba mtazamo wa nje huambatana na tabia ya kukwepa, na ufuatiliaji wa majeruhi ulionyesha kuwa walioukumbuka mkasa wao hivyo mwanzoni walikuwa na dalili kali zaidi miezi 12 baadaye. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, linaongeza jambo jingine. Washiriki walivishwa miwani iliyowaonyesha chumba kupitia kamera, wakapata hisia ya kuwa nje ya miili yao huku wakizungumza na mwigizaji. Wiki moja baadaye waliyakumbuka mazungumzo hayo kwa upungufu, na hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachounganisha vipande vya tukio, haikufanya kazi kama kawaida. Inaelekea, basi, kwamba mwili ndio uzi unaoshona kumbukumbu pamoja.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Tafiti za Ethan Kross na Özlem Ayduk zimeonyesha kuwa kujitazama kwa mbali hupunguza hasira na uchungu wa kila siku. Hakuna mgongano. Katika tafiti hizo mtu husogea mbali kwa hiari ili aitafakari hisia anayoijua. Katika mtengano husogezwa bila hiari, na hisia yenyewe hajapata kuigusa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza tiba. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert walibuni tiba ya simulizi inayotumia kamba iliyotandazwa sakafuni kama mkondo wa maisha: maua huwekwa penye mema, mawe penye mikasa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia walihudumiwa hivyo na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nafuu. Simulizi inapofika kwenye jiwe, mshauri huuliza kilichoonekana, kilichosikika na kilichohisiwa mwilini, kisha humrudisha msimulizi kwenye chumba alichoketi, asizame tena.

Mahakimu na maofisa wanaosikiliza maombi ya hifadhi nao wanahusika. Shahidi anayesimulia mkasa wake kwa sauti tulivu, akijieleza kana kwamba anamzungumzia mwingine, hajatoa sababu ya kutiliwa shaka. Ukweli wa maelezo yake upimwe kwa yaliyotendeka na vithibitisho vyake. Pembe aliyotazamia ieleweke kuwa ni habari kuhusu jeraha.