Vuja, vujisha, fichua, chapisha: nyaraka za siri mbele ya sheria

vuja kt [sie] pita kidogo kidogo penye ufa au tundu: *Paa linavuja*. Kwa sitiari: (kwa habari, mtihani au waraka) toka mikononi mwa waliopaswa kuutunza.
vujisha kt [ele] fanya kivuje. Toa siri kwa asiyestahili kuipata. Nomino: *mvujishaji*, *uvujishaji*.
fichua kt [ele] weka wazi kilichofichwa.
chapisha kt [ele] toa maandishi kwa umma.

Matumizi

*Vuja* hakimtaji mtenda. Sentensi *Waraka umevuja* hufaa pale ambapo aliyeutoa hajulikani au hajathibitika. *Vujisha* humnyooshea mtu kidole na hubeba tuhuma. *Fichua* nacho kina mtenda, lakini huelekea sifa: hufichuliwa ufisadi, njama au uovu. *Chapisha* hakilaumu wala hakisifu.

Tofauti hizo zina uzito mahakamani. Siri ya mtungi aijuaye kata: mvujishaji kwa kawaida ni mtu wa ndani, aliyefungwa na kiapo cha utumishi au mkataba wa ajira. Kwa hiyo huweza kufukuzwa kazi, kudaiwa fidia au kushtakiwa kwa jinai. Mchapishaji mara nyingi hana kiapo hicho. Dhidi yake, mwenye siri aghalabu huomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kukataza uchapishaji usianze au usiendelee. Hata hivyo, sheria za siri za serikali katika baadhi ya nchi humgusa pia anayepokea au kusambaza.

Mfano

Tarehe 13 Juni 1971, gazeti la New York Times lilianza kuchapisha sehemu za utafiti wa siri wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuhusu Vietnam. Serikali ilipata zuio la muda. Tarehe 30 Juni, Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba serikali haikutoa sababu za kutosha kuhalalisha zuio hilo, na uchapishaji ukaendelea. Daniel Ellsberg, aliyezitoa nyaraka hizo, alishtakiwa kwa jinai katika kesi nyingine. Mashtaka yake yalifutwa Mei 1973 kwa sababu ya mwenendo mbaya wa serikali yenyewe. Mahakama haikutamka kwamba uvujishaji ni halali. Nyaraka zilikuwa zilezile, lakini maswali ya kisheria yalikuwa mawili.

Tahadhari kwa wafasiri

Linganisha:
(a) *Gazeti lilivujisha nyaraka za wizara.*
(b) *Gazeti lilichapisha nyaraka za wizara zilizovujishwa.*

Sentensi (a) humbebesha mhariri kosa la mtu mwingine, na ikiingia katika tafsiri ya hati ya mashtaka au ya ushahidi, humweka mahali asipostahili. Sentensi (b) hutenganisha matendo mawili.

Aidha, *mvujishaji* si kisawe cha *mtoa taarifa*. Istilahi hii ya pili humhusu anayeripoti uovu kwa njia inayotambuliwa na sheria. Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Kumwita mtu kwa jina moja badala ya jingine ni kumhukumu kabla ya hakimu. Ikiwa matini chasili haibainishi, *aliyetoa nyaraka* ni chaguo salama.