Mtu wa Mnyororo wa Indianapolis

Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mila za wazee wetu. Leo tutaenda mbali, mpaka Marekani, jimbo la Indiana, wilaya ya Marion, ambamo njo kuna mji mkuu Indianapolis. Kule sanamu moja iliwagawanya watu weusi wenyewe kwa wenyewe.

Katikati ya mji kuna mnara wa mawe wa kuwakumbuka askari na mabaharia, zaidi sana wale wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861-1865. Mchoro wake ulitoka kwa Mjerumani Bruno Schmitz. Kazi ilianza mwaka wa 1888, na mnara ukafunguliwa rasmi tarehe 15 Mei 1902. Urefu wake unapita metre 86. Mwenye nguvu anapanda ngazi 331, mwingine anapanda asanseri. Sanamu kubwa za chini ni kazi ya Rudolf Schwarz, mtu wa Vienna: upande mmoja Vita, upande mwingine Amani.

Ndani ya Amani, chini kabisa, ameketi mtu mweusi. Kifua wazi, miguu bila viatu, anainua mnyororo uliokatika. Mchongaji alitaka kusema: tazameni, utumwa umekwisha. Sawa. Lakini tuangalie vizuri: wengine wanarudi kutoka vitani kwa heshima, huyu yeye anashukuru tu. Kumbe mji huohuo wa Indianapolis ulikusanya kikosi cha 28 cha askari weusi, na mwezi wa Julai 1864 walipigana kule Petersburg, Virginia, mahali ambapo ardhi ililipuliwa kwa baruti ikawa shimo, na wengi wao wakaanguka. Walishika bunduki kama wenzao. Kwenye jiwe, mweusi akapewa mnyororo.

Mwaka wa 2007 Fred Wilson, msanii mweusi wa Marekani, aliombwa kutengeneza sanamu mpya mjini. Akamchagua huyo huyo mtu wa mnara. Alitaka kumtoa pale chini, kumnyoosha mgongo, kumnyang'anya mnyororo na kumpa bendera ya Waafrika waliotawanyika duniani kote. Wazo zuri, sisi tunaliona hivyo. Lakini watu weusi wengi wa mji walikataa: juu ya nini kutuletea mtumwa mara ya pili, tena karibu na jengo la serikali? Wengine walimtetea msanii. Mikutano ikafanyika, maneno yakawa makali, na mwezi wa Desemba 2011 mpango ukafutwa. Msanii alimuona mtu aliyeinuka. Waliopita pale kila siku waliogopa kuona miguu ileile bila viatu. Hatuwezi kuwalaumu. Sisi wenyewe tuliona huko Kinshasa, Februari 2005, sanamu ya Leopold II ikisimamishwa tena na kuondolewa baada ya saa chache tu.

Sanamu zinahama, tusidhani jiwe halitembei. Katika Garfield Park kulikuwa na mnara wa wafungwa 1.616 wa jeshi la Kusini, lile lililopigania utumwa, waliokufa katika kambi ya Camp Morton. Kwanza ulikuwa makaburini. Mwaka wa 1928 ukapelekwa bustanini ili uonekane zaidi. Juni 2020 mji ukauondoa.

Kuna kingine, cha 1995, katika bustani yenye jina la Martin Luther King. Hapo njo Robert Kennedy aliwaambia watu weusi, usiku wa tarehe 4 Aprili 1968, kwamba King ameuawa. Miji mingi ikawaka moto, Indianapolis ikatulia. Katika kutengeneza mnara huo waliyeyusha na bunduki zilizokusanywa kwa raia. King na Kennedy wanatoka ukutani, kila mmoja upande wake, wananyoosheana mikono. Haigusani. Njia ya wapitaji inapita katikati yao.