Nigeria: Kodi, Mafuta na Giza

Aprili 2024 serikali ya Nigeria iliwapandishia bei ya umeme wateja wa daraja la juu, wale walioahidiwa umeme wa saa 20 kwa siku, kutoka naira 68 kwa uniti hadi naira 225. Miezi minne baadaye, tarehe 1 Agosti, vijana wakamiminika barabarani Abuja, Kano, Kaduna, Lagos na miji mingine wakidai utawala mbovu ukome, na baadhi yao hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Wengi wameyaeleza maandamano yale kwa njaa na ughali wa maisha, na njaa kweli ilikuwapo. Hata hivyo, hasira ya Wanigeria ina umri mrefu kuliko bei za mwaka mmoja, na nyaya za umeme zinatueleza mengi kuhusu asili yake. Kwa maoni yangu kisa ni hiki: serikali ya Nigeria ilipopata mafuta iliacha kumhitaji mwananchi kama mlipa kodi, na huduma ambazo zilikuwa haki ya kudaiwa zikageuka hisani ya mkubwa. Sasa mafuta hayatoshi tena, serikali imerudi kwa mwananchi yuleyule kutaka fedha zake, na mwananchi anauliza amepewa nini.

Swali hilo wahenga wao walilijua vizuri. Mwishoni mwa 1929, wanawake wa eneo la Aba na vijiji vya mashariki waliposikia kwamba wanahesabiwa ili nao watozwe kodi, walizivamia mahakama za wenyeji na kuwataka machifu waliowekwa na Waingereza wajiuzulu. Wakoloni walijibu kwa risasi, wakawaua zaidi ya wanawake 50. Miaka ya 1940, mjini Abeokuta, Funmilayo Ransome-Kuti aliwaongoza wanawake wa sokoni kuipinga kodi waliyotozwa bila kuwa na mwakilishi katika baraza la mfalme, hadi mfalme mwenyewe akaondoka madarakani mwanzoni mwa 1949. Kisha, mwaka 1968 na 1969, Nigeria ikiwa huru na vita vya Biafra vikiendelea, wakulima wa kakao wa magharibi walianzisha uasi wa Agbekoya. Madai yao yanastahili kusomwa leo: kodi ipunguzwe, watoza kodi waonevu waondolewe, barabara za vijijini zitengenezwe. Serikali ilitumia nguvu kwanza, lakini mwisho mwanasiasa Obafemi Awolowo alikwenda kuzungumza nao, na kodi ikapunguzwa. Mkulima alikuwa na cha kushika mkononi, kwa sababu serikali ya jimbo iliishi kwa kakao yake na kwa kodi yake. Kwa fedha hizohizo jimbo la magharibi lilikuwa limeanzisha elimu ya msingi ya bure mwaka 1955, kabla hata ya uhuru.

Umeme wa miaka hiyo ulikuwa wa wachache, na haifai kuusifu kupita kiasi. Ulianza Lagos mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya serikali ya kikoloni na mtaa wake wa wakubwa, na karibu na Jos maporomoko ya Kurra yalifungwa mitambo ili kuhudumia migodi ya bati. Shirika la umeme la taifa liliundwa kwa sheria ya 1950, na mwaka 1969 mtawala wa kijeshi, Jenerali Yakubu Gowon, alizindua bwawa la Kainji kwenye mto Niger, mradi uliobuniwa uje kutoa megawati 760 na zaidi. Miaka mitatu baadaye shirika la umeme na mamlaka ya mabwawa viliunganishwa kuwa NEPA. Huo ndio wakati ambapo nchi ilikuwa na wahandisi, ilikuwa na bwawa jipya, na ilikuwa inaingia kwenye utajiri ambao hakuna aliyeuona kabla.

Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, lakini ilikuwa ni kupanda kwa bei duniani mwaka 1973 na 1974 kulikobadilisha kila kitu. Ghafla mafuta yakawa yanaleta takriban asilimia 80 ya mapato ya serikali, na fedha zote hizo zilipita kwenye hazina moja iliyoshikwa na wanajeshi. Kodi za vijijini zikaonekana usumbufu usio na maana. Kaskazini, magavana Abubakar Rimi wa Kano na Balarabe Musa wa Kaduna, watu wa mrengo wa kushoto waliochaguliwa mwaka 1979, walifuta kodi ya kichwa na kodi ya mifugo ambazo zilikuwa zimewaelemea wakulima na wafugaji kwa vizazi. Ulikuwa uamuzi wa haki na siwalaumu. Lakini kodi dhalimu zilipoondoka, hapakuwekwa kodi ya haki mahali pake, na mwananchi akabaki hana anacholipa wala anachoweza kukizuia. Mkulima wa Agbekoya aliweza kusema halipi mpaka barabara ijengwe. Mwanawe hakuwa na la kuzuia: barabara ikijengwa alishukuru, isipojengwa alinyamaza.

Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, na mpango wa kurekebisha uchumi ukaletwa mwaka 1986 chini ya mtawala wa kijeshi Ibrahim Babangida, huduma zilizojengwa kwa fedha za mafuta hazikuwa na wa kuzitetea. Bwawa la Shiroro lilikamilika mwaka 1990, na muongo uliofuata ukapita bila mtambo mkubwa mpya. Utawala wa kiraia uliporejea mwaka 1999, kati ya mashine 79 za kufua umeme ni 19 tu zilizokuwa zikifanya kazi. Waziri wa nishati, Bola Ige, mwanasiasa msomi aliyeheshimika, aliahidi kulimaliza tatizo kwa muda mfupi, akaondoka wizarani giza likiwa palepale. Anayejua mgao wa Dar es Salaam au Nairobi asidhani kwamba anaijua hali ya Nigeria. Mgao una ratiba. Nigeria umeme hukatika pasipo taarifa na kurudi pasipo sababu, na ukirudi mtaa mzima hupiga kelele za furaha wakilitaja jina la NEPA, hata leo ambapo shirika lenyewe halipo tena.

Katika miaka hiyo kila kaya ilianza kujitawala yenyewe. Mwenye uwezo alinunua jenereta kubwa, mwenye uwezo mdogo alinunua ile ndogo ambayo watu waliipa jina la kujigamba kwamba nimemshinda jirani. Mwenye uwezo alichimba kisima, akawapeleka watoto shule ya kulipia, akaajiri mlinzi. Kwa kweli serikali iliendelea kutoa huduma moja tu ya umeme, nayo ni petroli ya bei ya ruzuku iliyomwagwa kwenye jenereta hizo. Ndiyo maana Januari 2012, Rais Goodluck Jonathan alipoondoa ruzuku na bei ya lita ikaruka kutoka naira 65 hadi zaidi ya 140, nchi ilisimama kwa migomo hadi bei ikashushwa kufikia 97. Wachumi wengi waliona ni watu kung'ang'ania petroli ya bei rahisi. Ninaona walikuwa wanatetea kitu cha mwisho walichokuwa wakikipata kutoka kwa serikali yao. Kuondolewa kwake kulitangazwa Mei 2023, siku Bola Tinubu alipoapishwa kuwa rais.

Kuna wanaopinga maelezo haya kwa kusema kwamba tatizo ni wingi wa watu. Nigeria ilikuwa na watu wapatao milioni 45 wakati wa uhuru na sasa ina zaidi ya milioni 200, nchi gani ingeweza kuwafikia wote? Jibu liko kwenye simu. Mwaka 2001 nchi nzima ilikuwa na laini za simu zisizofikia milioni moja, chini ya shirika la umma lililokuwa limechakaa kama NEPA. Simu za mkononi zilianza kuenea mwaka huohuo, na wingi uleule wa watu ukageuka kuwa soko ambalo kampuni ziligombania. Tofauti ni kwamba mpiga simu hulipa kabla, na kampuni isiyompa mawasiliano haipati fedha yake. Kwenye umeme, gridi hutoa kwa kawaida megawati 4,000 hadi 5,000. Afrika Kusini, ambayo idadi ya watu wake haifikii theluthi ya Wanigeria, hutumia takriban mara tano ya hizo hata katika miaka yake mibaya. Benki ya Dunia imekadiria kwamba Wanigeria milioni 85 hawajaunganishwa na gridi kabisa, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote.

Wengine husema Wanigeria wenyewe hawalipi bili na huiba umeme. Wizi upo na ni mwingi. Ila mwaka 2024 zaidi ya nusu ya wateja hawakuwa na mita, na asiye na mita hutumiwa bili za kukadiria, ambapo familia iliyokaa gizani wiki mbili hudaiwa sawa na iliyowashiwa. Mtu anayekataa bili ya namna hiyo anafanya walichofanya wanawake wa Abeokuta. Na wanaodhani ubinafsishaji pekee ungetosha watazame Novemba 2013, kampuni 10 kati ya 11 za usambazaji zilipokabidhiwa kwa wawekezaji. Serikali ilibaki na gridi, iliendelea kupanga bei, iliendelea kuziba mapengo kwa mabilioni ya naira, na kampuni zikaendelea kumtazama mlezi wao Abuja badala ya mteja wao mtaani. Mwaka 2024 gridi ya taifa ilianguka zaidi ya mara kumi.

Mji wa Aba umechukua njia nyingine. Februari 2024 mtambo wa gesi wa megawati 188 wa kampuni ya Bart Nnaji, mhandisi aliyewahi kuwa waziri wa nishati, ulizinduliwa baada ya miaka mingi ya kukwamishwa na mgogoro wa nani ana haki ya kuuza umeme mjini humo. Unahudumia wilaya tisa za jimbo la Abia kwa mtandao wake wenyewe, na mafundi viatu na mafundi cherehani wa Aba ndio wateja wake. Wasipopata umeme wao, mtambo haupati fedha. Sheria ya umeme ya 2023 imeyaruhusu majimbo yote kufuata mkondo huo, na baadhi yameanza.

Sasa serikali ina hatari ya kuipoteza nafasi hii ya kujenga upya makubaliano na mwananchi. Mwaka 2003 asilimia 69 ya waliojiandikisha walipiga kura ya urais. Mwaka 2023 walikuwa takriban asilimia 27. Watu waliokata tamaa na sanduku la kura wanaombwa walipe ushuru mpya, petroli ya bei ya soko na umeme wa bei iliyopandishwa, na Juni 2025 Rais Tinubu alitia saini sheria mpya za kodi. Kutoza kodi ni sahihi. Bila hiyo mwananchi hatarudi kuwa na sauti. Lakini anayetaka kulipwa atangulize huduma. Serikali ya Abuja na za majimbo zianze na jambo lililo ndani ya uwezo wao leo: mteja yeyote asipandishiwe bei ya umeme kabla ya kufungiwa mita.