Uchovu wa Mgongo kwa Wapiga Makasia

Uchovu wa mgongo kwa wapiga makasia ni kuishiwa nguvu kwa misuli ya kiwiliwili baada ya mivuto mingi mfululizo, hata kiuno kikapinda kuliko kilivyopinda mwanzoni. Maumivu ya kiuno ndiyo yanayowasumbua wanamichezo hawa kuliko maumivu mengine yote.

Katika mbio za mita 2,000, masafa ya Olimpiki, mpiga makasia huvuta zaidi ya mara 200. Miguu husukuma, kiwiliwili hufunguka, mikono humalizia. Nguvu kubwa hutoka miguuni, lakini haifiki kwenye kasia ila kwa kupitia mgongo. Hatari iko pale mvuto unapoanza: magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa mbele, kiuno kimeinama, na papo hapo maji yanaanza kukinza kasia.

Misuli mirefu inayopanda kandokando ya uti wa mgongo huzuia kuinama kupita kiasi. Ikichoka, nyonga huacha kujikunja vizuri, kiuno hufidia kwa kupinda zaidi, na mara nyingi mwenyewe hahisi. Mzigo huhamia kwenye kano na kwenye gegedu zilizo kati ya pingili. Kano zilizovutwa kwa muda mrefu hulegea, wala hazirudii hali yake mara tu zoezi linapokwisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 na watafiti wa New Zealand uliona vijana wapiga makasia wakianza kwa kuinamisha kiuno kiasi cha robo tatu ya uwezo wake, na kumaliza wakikaribia asilimia 90. Mkulima wa jembe la mkono huko Mkata, wilayani Handeni, anaijua hali hiyo: asubuhi huinama kutoka nyonga, jua likipanda huinama kwa kiuno. Mgongo wake unastahili kuchunguzwa kwa bidii ileile.

Tofauti na mpiga makasia, mvuvi wa mtumbwi apigaye kafi hutazama mbele, naye huzungusha kiwiliwili upande mmoja, hivyo pande mbili za mgongo wake hazichoki sawasawa.

Kwa wapiga makasia, mazoezi ya mashine ya kupigia makasia nchi kavu yanayozidi dakika 30 bila kupumzika yamehusishwa na maumivu ya kiuno. Kuyagawa ni busara, na kocha aangalie nyonga kabla ya kuangalia saa. Ustahimilivu wa misuli ya mgongo una thamani kubwa kuliko nguvu ya mara moja.

Mchezo huu una wawakilishi Afrika Mashariki pia. Kathleen Noble, mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, alishindana Tokyo peke yake chomboni mwaka 2021. Mwaka huohuo, kwenye Paralimpiki ya Tokyo, Asiya Sururu wa Mombasa aliiwakilisha Kenya katika daraja la PR1. Katika daraja hilo kiti hakitelezi, kifua hufungwa mkanda, na mvuto wote hutegemea mabega na mikono.