Gari Linalokula Betri: Kutoka Shoti hadi Mkondo Kimelea

Mpelekee fundi umeme gari lililozimwa jioni likiwa zima, asubuhi ukazungusha ufunguo ukasikia "ta-ta-ta" tu, naye atakujibu kwa mojawapo ya sentensi tatu: betri imekufa, kuna shoti, au gari lako linakula betri. Sentensi hizo hazisemi jambo moja. Ya kwanza inakutuma dukani. Ya pili inamfanya fundi afunue zulia la gari akitafuta waya ulioungua. Ya tatu ndiyo inayolisogelea tatizo, ingawa haisemi mlaji ni nani wala anakula kiasi gani. Vitabu vya Kiingereza huliita tatizo hilo parasitic drain. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayesoma kwa Kiswahili, na fundi anayetaka kuandika risiti inayoeleweka, wanahitaji jina lake.

Tuanze na tatizo lenyewe kabla ya jina. Gari lililozimwa halijazimika lote. Saa ya dashibodi inaendelea kuhesabu, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake, alamu iko macho, kipokezi cha rimoti kinasikiliza kama mwenyewe anakuja. Vyote hivyo vinatumia umeme wa betri, na alteneta haipo kazini kuurudisha. Katika gari lisilo na hitilafu, jumla ya matumizi hayo kwa kawaida ni kati ya miliampea 20 na 50. Baadhi ya magari mapya yenye kompyuta nyingi hupita hapo kidogo.

Betri ya saizi ya NS60, inayobebwa na magari mengi ya Kijapani tuliyonayo, ina uwezo wa ampea-saa 45 hivi. Gari likitumia miliampea 30, kwa siku limekula ampea-saa 0.72, na litahitaji mwezi mzima kuimaliza nusu ya betri mpya. Sasa chukua taa ya buti ya wati 5 ambayo swichi yake imeng'ang'ania, ikabaki inawaka gizani bila mtu kuiona. Inavuta ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku. Siku mbili na ushei, nusu imekwenda. Nusu hiyo ndiyo mpaka wa hatari, maana stata hutaka ampea nyingi kwa mkupuo, na betri iliyoshuka kutoka volti 12.6 za kujaa hadi 12.2 za nusu huwa haina tena msukumo ule, hasa ikiwa si mpya. Tena kuilaza betri ya risasi bila chaji mara kwa mara kunaiua kweli: salfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye mabamba yake hugeuka fuwele ngumu, na chaji inayofuata haiwezi kuziyeyusha zote. Ndiyo maana mtu hununua betri mpya akafurahi mwezi mmoja, kisha akarudi kuomba jirani amboosti.

Neno linalotumika zaidi gereji ni shoti, nalo ndilo linalopoteza watu zaidi. Shoti ni umeme kupata njia ya mkato kutoka chanya kwenda hasi bila kupitia kifaa chochote cha kuuzuia. Mkondo unapanda ghafla, waya unachemka, fyuzi inakatika, na harufu ya plastiki iliyoungua inamaliza ubishi. Kinachokula betri usiku ni kinyume cha hayo. Umeme unapita njia yake halali hadi kwenye kifaa kizima kinachofanya kazi yake sawasawa. Kosa lake ni kwamba hakikuacha kazi gari lilipozimwa. Fyuzi ya ampea 10 haina sababu yoyote ya kukatwa na ampea 0.4. Fundi anayesema, "Bosi, nimeangalia, fyuzi zote nzima, hamna shoti," amesema kweli tupu, na swali liko palepale.

Wapo wanaopendelea mvujo, au kusema umeme unavuja. Neno ni zuri, ila lina kazi nyingine humu humu. Mgongo wa betri ukijaa vumbi lililochanganyika na unyevu wa asidi, umeme kidogo hutambaa juu ya plastiki kutoka nguzo moja hadi nyingine. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi na nyingine uiburute juu ya uchafu huo, utaona volti zikijitokeza mahali pasipostahili. Huo ndio mvujo: hakuna kifaa, hakuna swichi, na dawa yake ni maji yenye magadi soda na kitambaa, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa vizuri. Tukiutumia mvujo kwa taa ya buti pia, tutakuwa tumemtuma fundi kusafisha betri badala ya kufungua buti.

Kitenzi kinachokuja mdomoni mwa wengi ni kunyonya. Lakini mnyonyo tayari ni mmea, ule unaotoa mafuta ya nyonyo. Unyonyaji nao umebeba mzigo wa siasa: kwa msomaji wa Tanzania aliyekua katika miaka ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji ni mtu, jamaa yake ni kupe, na mirija yake inastahili kukatwa. Mkondo mnyonyaji ungeeleweka papo hapo, lakini unahukumu mapema mno. Fundi aliyekwisha kuambiwa kwamba kuna mnyonyaji ataanza kukata waya.

Mimi nachagua mkondo kimelea. Shule zimeshalizoea neno vimelea kupitia malaria na minyoo, na mkondo ndilo jina la umeme unaotembea katika fizikia ya Kiswahili. Kilichonivuta zaidi ni kitenzi chenyewe: kumelea ni kumea juu ya kingine. Vingi vya vifaa vinavyokula betri havikuzaliwa na gari. Ni redio iliyobadilishwa, alamu ya dukani, kamera ya kioo cha mbele, chaja ya simu isiyochomolewa, taa za urembo chini ya dashibodi. Vyote vimemea juu ya nyaya za kiwandani na vinaishi kwa jasho la betri. Kuweka nomino mbili sambamba si jambo geni pia. Nchi mwanachama huwa nchi wanachama, na mkondo kimelea utakuwa mikondo vimelea. Gereji wataendelea kusema gari linakula betri, na waendelee. Istilahi ya kuandikia haina haja ya kuifukuza lugha ya kusemea.

Lakini neno moja halitoshi, na hapa Kiingereza hakitusaidii. Mara nyingi jina lake hilo moja hubeba mambo mawili: umeme mdogo wa lazima wa saa, alamu na kompyuta, na umeme wa ziada unaotokana na hitilafu. Matokeo yake nimeyaona: fundi ameunga mita, imesoma miliampea 28, naye akatangaza kwamba "bado inakula" na kuendelea kung'oa fyuzi akitafuta sifuri. Sifuri haipo. Gari likisoma sifuri, ama kebo haijashika au fyuzi ya mita yenyewe imekatika. Kwa hiyo umeme ule wa lazima nao upewe jina lake, na napendekeza mkondo wa lindo. Vifaa hivyo viko lindoni kama mlinzi wa usiku, na posho yake inajulikana. Kinachozidi posho ndicho kimelea.

Ukiwa na majina hayo mawili, kipimo kinajieleza. Mita inawekwa kwenye ampea 10, kebo hasi inafunguliwa, na mita inakaa katikati ya kebo hiyo na nguzo ya betri ili umeme wote upite ndani yake. Mlango ukibidi kuachwa wazi, kitasa chake husukumwa kwa bisibisi mpaka kibane, gari liamini kwamba limefungwa. Ufunguo wa rimoti hupelekwa mbali, maana gari la kuwashwa kwa kitufe huamka likiuhisi karibu. Kisha ni kungoja, na hapa ndipo haraka huharibu. Mara tu baada ya kuungwa mita inaweza kusoma ampea kadhaa. Kompyuta hulala moja baada ya nyingine, na namba hushuka kwa ngazi. Magari mengine hutulia ndani ya dakika 20, mengine hutaka saa nzima. Namba ya kabla ya hapo si ya lindo wala ya kimelea, ni ya gari ambalo halijasinzia. Na mtu asijaribu kupiga stata mita ikiwa hapo katikati, ataiunguza.

Namba ikibaki juu, fyuzi huchomolewa moja moja huku jicho likiwa kwenye mita. Ikishuka ghafla, mlaji yuko kwenye njia ya fyuzi hiyo. Kwenye magari ya kompyuta nyingi ni afadhali kutozing'oa, kwa kuwa kuirudisha fyuzi kunaweza kuamsha kilicholala. Fundi mzoefu hugusa ncha mbili za mgongo wa fyuzi na kupima milivolti. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri, inayopitisha itajisema.

Redio inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu magari ya mtumba kutoka Japani hufika na redio zinazosema Kijapani, na karibu kila mmoja hubadilisha. Nyuma ya redio nyingi za dukani kuna waya wa njano na waya mwekundu. Wa njano unataka umeme wa kudumu, kwa ajili ya kumbukumbu za stesheni na saa. Huo ni wa lindo. Mwekundu unataka umeme unaokuja na ufunguo na kuondoka nao, ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Mteja akisema anataka muziki bila kuweka ufunguo, fundi mwenye haraka huzisokota pamoja njano na nyekundu, akaziunga kwenye umeme wa kudumu na kuzifunga kwa selotepu. Kuanzia siku hiyo redio haijui kwamba gari limezimwa. Kioo chake kinaweza kuwa cheusi, ndani ikawa macho. Waya mmoja umehama, na mkondo wa lindo umegeuka kimelea.

Alteneta ni mlaji wa aina nyingine. Ndani yake mna diodi zinazoruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia kurudi. Zikiharibika, umeme wa betri unaweza kurudi usiku kwenye koili. Kebo yake nene huenda moja kwa moja betrini, au kupitia fyuzi kubwa ambayo watu hawaigusi, kwa hiyo unaweza kuchomoa fyuzi ndogo zote na mita isitikisike. Hapo hufunguliwa betri kwanza, kisha kebo ya alteneta, ndipo kipimo kinarudiwa.

Kinachonisumbua katika mgawanyo wangu ni traka. Mkopeshaji huifunga kwenye gari la mkopo, mara nyingi mahali ambapo mwenye gari haonyeshwi. Imemea juu ya nyaya, hilo halina ubishi. Lakini ni mlinzi kweli, ila analinda mali kwa niaba ya mwingine huku posho ikitoka kwenye betri yako. Mimi naiamua kwa usingizi wake. Traka inayopunguza kutuma taarifa gari likisimama naiandika kwenye mstari wa lindo. Ile inayokesha ikitafuta mtandao kwenye maegesho ya chini ya ghorofa, au iliyoungwa vibaya ikawa hailali, naiandika kwenye mstari wa kimelea, hata kama zimetoka kwenye boksi moja. Mkopeshaji asiporuhusu ing'olewe, fundi bado anaweza kumpa mteja risiti ya kwenda kudai nayo: lindo miliampea 35, kimelea miliampea 310, chanzo traka.